Mwaka Kata Nzima Ilipokimbia

Mwita alisimulia kisa kile akiwa ameshika paja la kuku. Ilikuwa mchana, mbio zimekwisha, washindi wamevishwa medali, na sisi wageni tumeketishwa chini ya turubai karibu na bwawa la Manchira, mbele ya sahani za pilau iliyoanza kupoa. Yeye ndiye alikuwa mgeni wa heshima: mtoto wa Nyambureti aliyeingia jeshini kwa miguu yake mwenyewe, kama mshereheshaji alivyosema mara mbili akidhani utani huo unaongezeka utamu. "Mnaona watu walivyojaa leo?" Mwita alisema kwenye kipaza sauti. "Basi bado hamjatufikia. Mwaka wa corona mbio hizi zilifutwa, tukazikimbia wenyewe, watu watatu tu. Tulipokaribia hapa bwawani tulikuwa kata nzima! Tena wenzetu walikuja na vifaa vyao, rungu, panga, mishale. Bana, hakuna mwanaume aliyebaki nyumbani!" Turubai zima likacheka. Mama mmoja wa upande wa wafadhili alivua miwani akafuta machozi. Kwenye meza ya nyuma Zabroni naye alikuwa anacheka, taratibu, mguu wake wa kulia ameunyoosha kando ya meza kwa sababu haukunjiki, na kila mhudumu aliyepita na sinia alilazimika kuuruka.

"Binti, mbona huli?" aliniuliza mzee aliyekaa kando yangu.

"Nimeshiba, mzee."

"Na hucheki."

"Nimeshakisikia hicho kisa."

Nimekisikia harusini, nimekisikia msibani, nimekisikia kwenye baa moja ya Mugumu kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo. Kila kinaposimuliwa kinapungukiwa na kitu. Kwanza ilitoka damu. Baadaye likatoka jina la Zabroni, akawa "jamaa mmoja wa Kigoma". Leo hata huyo jamaa hakutajwa. Imebaki kata inayokimbia, na watu wanaoshika mbavu kwa kicheko. Nilisukuma sahani yangu katikati ya meza. Mafuta ya pilau yalikuwa yameganda pembeni, meupe, na nilijua nikiyatazama kidogo tu zaidi nitaaibika mbele za watu. Basi nilitoka nje ya turubai, nikasimama kwenye tuta la bwawa mpaka hotuba zikaisha.

Mwaka ule chuo kilifungwa ghafla, tukaambiwa kila mtu aende kwao. Nilifika Nyambureti kwa mama mkubwa na begi la vitabu pamoja na tabia ya kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi kifuani, na usiku nililala nikinusa dawa ya kuhifadhia nafaka, nikajiuliza kama itaanza kuua dumuzi au mimi. Ukuta kati ya stoo na sebule haukufika juu, kwa hiyo kila neno lililosemwa na baba mkubwa na wazee wenzake lilinifikia kana kwamba nimekaa nao. Ndivyo nilivyojifunza elimu yote ya ugonjwa mwaka ule. "Huu ni ugonjwa wa watu wanaopanda ndege," alisema mmoja. "Na madereva wa malori pale Sirari?" akauliza mwingine. "Hao wanaambukizwa na Wakenya." "Na Wakenya wameupata wapi?" Mtu akavuta ugoro. "Kwenye ndege."

Mlangoni paliwekwa ndoo ya kunawia yenye koki. Koki iliziba mapema, basi watu wakawa wanafungua mfuniko na kuchovya mikono ndani, mmoja baada ya mwingine, wazee, watoto, wauza samaki, mpaka maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa na utando juu. Nilimuuliza baba mkubwa kama hiyo si njia nzuri zaidi ya kugawana ugonjwa. Alinitazama kwa upole kabisa. "Serikali ilisema ndoo iwepo," alinijibu. "Ndoo ipo." Jioni mama mkubwa alichemsha sufuria la mwarobaini, majani ya mchaichai na vitunguu, akatufunika sote kwa blanketi moja tuvute mvuke, na tulikoholeana usoni kwa dakika ndefu humo gizani kwa ajili ya afya. Niliyasema haya, nikaambiwa chuo kimeniharibu. Labda ni kweli. Lakini sijawahi kuelewa kwa nini mtu anayenusa uvundo ndiye anayeambiwa ana pua mbaya.

Mwita ni mtoto wa mama mkubwa. Alikuwa anafanya kazi Sirari, akimsaidia wakala mmoja kupitisha mizigo mpakani, na watu walipozuiwa kuvuka hovyo akarudi nyumbani na Kiswahili cha Isebania, ule upande wa Kenya, mdomoni na mikono mitupu. Mtu wa utani, mzuri wa sura, anayependwa na kila mama kijijini. Yeye ndiye aliyekuwa mkimbiaji wa kata. Kila mwaka kulikuwa na mbio za kutoka uwanja wa shule Nyambureti hadi bwawani Manchira, na mwaka uliotangulia Mwita alikuwa wa tatu, mbele ya wenyeji wote. Picha yake akivuka mstari wa mwisho ilibandikwa sebuleni juu ya redio, na mgeni yeyote aliyeingia alioneshwa picha hiyo kabla hajaoneshwa kiti.

Zabroni alikuwa anakaa kwenye kijumba cha nyuma ya jiko. Alitoka Kigoma kufuata dhahabu upande wa Tarime, masika yakajaza mashimo maji, akaja Nyambureti kufyatua matofali mpaka mashimo yakauke. Mama mkubwa alimwita "mwanangu Kigoma" na kumpa ugali sawa na wetu. Baba mkubwa alimwita "yule mtu wa kuja", hata akiwa amekaa naye kwenye mkeka mmoja. Zabroni hakuonekana kujali. Alikuwa mtu wa taratibu, anayeshukuru kila chakula kwa sauti, na ndiye pekee katika boma lile aliyekuwa na sabuni yake mwenyewe, kipande amekifunga kwenye kitambaa. Mwaka uliotangulia naye alikimbia mbio zile akitokea machimboni, akaja nyuma ya Mwita kwa hatua chache, raba ya mtumba imepasuka ubavuni. Kocha wa timu moja ya jeshi alikuwepo siku hiyo. Alichukua namba yake akamwambia: mwaka ujao uje na raba nzima, uvunje muda wa mshindi wa leo, nikupeleke kambini.

Mwaka ujao ndio ulikuwa huu, na mbio zimefutwa. Nilisikia simu aliyompigia kocha, kwa sababu mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya choo, na mimi nilikuwa chooni. "Naam, afande. Ndiyo, afande, umri mwaka kesho utakuwa umenipita." Akasikiliza. Nilisikia anahema. "Palepale? Njia ileile? Ndiyo, mashahidi wapo. Asante sana, afande." Alipoteremka alinikuta nje na kopo la maji, akasahau kuona aibu. "Dada Ghati," aliniambia, "amesema nikimbie njia ileile, simu ihesabu muda, na kuwe na watu wa kushuhudia. Nikivunja, atanichukua. Amesema ataniamini." Nadhani lile neno la mwisho ndilo lililompendeza kuliko kambi yenyewe.

Usiku ule kwenye mlo, dagaa na ugali wa mtama, Mwita alikubali kabla hajaulizwa. "Twende wote," alisema. "Mimi nitakuvuta mpaka nusu, si unajua mimi ndiye mwenye hiyo barabara?" Mama mkubwa aliacha kugawa mboga. "Mbio zilizofutwa mnazikimbiaje? Si zimefutwa?" "Mama, barabara haijafutwa," Mwita alimjibu, na tulicheka hadi baba mkubwa akakohoa nyuma ya ukuta kutunyamazisha. Mimi nilisema nitakimbia pia, nyuma yao, kwa mwendo wangu. Ulikuwa mlo mzuri. Nautaja kwa sababu mwaka ule sikupata mwingine wa namna hiyo.

Sasa lazima niseme jambo la filimbi, maana wageni pale turubaini hawalijui na Mwita hakulieleza. Kwetu ng'ombe wakiibwa, sungusungu, yaani walinzi wa kijiji, hupuliza filimbi kwa namna moja tu: mpulizo mrefu, mrefu, mrefu, bila kupumzika. Mwanamke wa kwanza anayesikia anapiga yowe, wa bonde la pili analipokea, na kila mwanaume mwenye nguvu anayesikia lazima atoke na silaha yake akimbilie kule. Asiyetoka anatozwa faini na wenzake, na faini si kitu mbele ya aibu. Mpulizo mfupi mmoja hauna maana hiyo, hata mwalimu wa michezo anaupuliza. Mtoto wa kwetu anajua tofauti hiyo kabla hajajua kuhesabu. Zabroni hakuijua. Wachimbaji waliishi kwenye makambi yao na hakuna aliyewahi kuwaita kwenye jambo la ng'ombe. Mwita alikuwa sungusungu tangu alipotahiriwa, na asubuhi ile alivaa filimbi yake shingoni ili atuanzishe.

Tulianza kukiwa na ukungu, uwanja wa shule mtupu, magoli yana umande. Zabroni alikuwa amefunga simu yake mkononi kwa mpira wa baiskeli. Nilimrekodi akiwasha muda, Mwita akapuliza mara moja kwa ufupi, wakaondoka. Mimi nilikuwa nyuma yao tangu mwanzo, lakini nchi ile ni ya miinuko mirefu, unaweza kumwona mtu mbali sana akipanda upande wa pili. Kwa muda mrefu walikuwa kivuli kimoja. Mashamba ya mahindi pande zote, moshi wa majiko unaanza, kina mama wanakamua. Kisha kwenye mlima ule unaofuata baada ya daraja la mawe, kivuli kikagawanyika. Mmoja akawa anakwenda, mwingine anabaki. Nilijua ni nani anayekwenda, kwa sababu Mwita akichoka hupandisha mabega kama mtu anayenyeshewa. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu barabarani. Zabroni alikuwa anapanda ule mlima kana kwamba unateremka.

Ndipo nikasikia filimbi. Mpulizo mrefu, mrefu, mrefu.

Niliamini kwanza kwamba kweli kuna ng'ombe wameibwa. Hivyo ndivyo mwili unavyofundishwa, unaamini kabla yako. Kisha yowe likapanda kutoka boma lililo bondeni, sauti ya mama mtu mzima, likapokewa ng'ambo, likapokewa mbali zaidi. Wanaume walianza kutoka. Walitoka kwenye mahindi, walitoka kwenye mazizi, mmoja alitoka na povu la sabuni usoni. Mmoja alinipita karibu sana, amevaa barakoa ya kitenge vizuri kabisa, pua na mdomo, kama tulivyofundishwa kwenye redio, na mkononi ana panga. Walipofika barabarani wakaona kile ambacho mtu yeyote angeona: mtu mmoja mbele anakimbia kwa nguvu zake zote, na nyuma yake Mwita, kijana wao, mtoto wa Mzee Nyamhanga, baba mkubwa wangu, anamkimbilia. Hawakuuliza. Sheria haina nafasi ya swali mahali hapo, inataka miguu.

Nilikimbia nikipiga kelele kwamba ni mbio, ni mbio tu, na hakuna aliyesikia kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga kelele. Zabroni alinieleza baadaye upande wake, amelala hospitalini Mugumu, mguu umefungwa. Alisema alisikia ukelele wa kina mama, akaona watu wanajaa barabarani nyuma yake na pembeni, na akadhani habari zimeenea na kijiji kimetoka kumshangilia. "Nilipunga mkono, dada Ghati," aliniambia. "Nikaongeza mwendo, nisiwaangushe." Bwawa lilikuwa limeshaonekana. Rungu la kwanza lilimpata kwenye goti akiwa bado anatabasamu. Hilo nimeambiwa na yule aliyelitupa, alikuja mwenyewe kuniambia, alishangaa sana mwizi gani huyu anacheka.

Nilipofika walikuwa wamemzunguka. Nilipenya kwa viwiko. Alikuwa chini kwenye changarawe, anaushika mguu uliokaa vibaya, na simu mkononi mwake bado inahesabu. Mwita alikuwa ameshafika, ameinama, mikono magotini, anahema. Watu walikuwa wanamuuliza, "Ndiye huyu? Mwita, ndiye?" na yeye anahema. Nimewahi kumwona Mwita akihema baada ya mbio nyingi. Hajawahi kushindwa kusema neno moja. Nikapaza sauti kwa Kikurya kwamba huyu ni Zabroni anayekaa kwetu, mfyatua matofali, mpumbavu gani kati yenu asiyemjua? Mapanga yakaanza kushuka, katikati kwanza, kisha pembeni. Mwita akainuka. "Muacheni," alisema. "Tulikuwa tunafanya mazoezi tu."

"Kwa hiyo ng'ombe wa nani wameibwa?" mtu akauliza.

Wakatazamana. "Wangu wapo," mmoja akasema. "Wangu nimewaacha wanakamuliwa." "Sasa tumemfukuza nani?" Na hapo, Mungu wangu, mtu akaanza kucheka. Kicheko kikaenda kama moto wa nyasi. Watu wazima wenye mapanga wakawa wanacheka mpaka wanashikana mabega, wanaoneshana yule mwenye povu usoni, na Zabroni chini pale katikati ya miguu yao anawatazama mmoja mmoja. Harufu ya jasho lao ilikuwa nzito. Nilitapika palepale kando ya barabara, na wakaona hilo nalo la kuchekesha, msomi ameshindwa na mbio.

Daktari alisema goti litapona lakini halitakunjika. Hakuuliza lilivunjwa na nini.

Baada ya hapo liliitishwa iritongo, mkutano wa kijiji chote ambao wazee husikiliza kesi. Ugonjwa uliokataza mbio za watu waliotawanyika barabarani haukukataza mamia kukaa bega kwa bega kwenye nyasi; nilipouliza juu ya hilo mama mkubwa alinifinya. Wanawake tulikaa upande wetu, nyuma. Mama aliyepiga yowe alisema alisikia filimbi. Waliokimbia walisema walisikia yowe. Mwita aliulizwa kuhusu filimbi, akasimama, akashika kofia mbele yake kama mtoto wa kanisani. "Nilikuwa namtia moyo mwenzangu," alisema. "Alikuwa anakimbia vizuri, bana. Furaha ilinizidi." Nilisimama. Nilitaka kuuliza swali moja tu, alipuliza kwa ufupi au kwa urefu, kwa kuwa kila mtu pale alilijua jibu, alilisikia kwa masikio yake.

"Binti," alisema mzee aliyeongoza, bila ukali, "kaa."

"Shikamoo, baba. Ni swali moja."

"Marahaba. Kaa."

Baba mkubwa hakugeuka. Wazee wakateta, na uamuzi ukatolewa: aliyeitikia hawezi kuadhibiwa, kwa sababu tukimwadhibu anayeitikia, kesho wakiibwa kweli nani atatoka? Na aliyepuliza hakuwa na nia mbaya. Nimeirudia hoja hiyo kichwani kwa miaka, darasani na nje ya darasa, nikitafuta ufa. Nusu ya kwanza haina ufa. Ndiyo inayonichukiza zaidi, ilivyojengwa vizuri, na ilivyotumika kumbeba yule aliyekuwa nusu ya pili.

Mbuzi alichinjwa pale pale ili jambo liishe. Walipika kichuri, ile supu chungu ya nyongo na majimaji ya tumbo la mnyama, kijani kama maji ya dimbwi, na bakuli la kwanza likapelekwa kwa Zabroni aliyekuwa amekalishwa kwenye kiti, magongo yamelazwa kando. Ni heshima, hawampi kila mtu. Yule aliyetupa rungu ndiye aliyemshikia bakuli. Watu wote wakamtazama. Kwao Kigoma hawali kitu hiki. Nilimwona mara moja akinusa sufuria la mama mkubwa na kurudi kijumbani bila kusema. Alishika bakuli kwa mikono miwili akanywa. Tone la kijani lilimteremkia kidevuni. "Asanteni," alisema, kwa sauti ile ile aliyoshukuria dagaa, na watu wakapiga makofi, na jambo likaisha. Mimi niliondoka kabla ya nyama kugawanywa. Tangu siku hiyo sijala kichuri, na ukweli ni kwamba mbuzi wa namna yoyote hunipa taabu.

Jioni nilimfuata kwenye kijumba chake. "Kwa nini umekunywa?"

Alifikiri. "Nitakwenda wapi na mguu huu, dada? Hapa ndipo walipo watu ninaowadai radhi. Kigoma hakuna ninayemdai kitu."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini yaliyofuata ndiyo niliyokuwa nayo kwenye tuta la bwawa leo, wakati wanapiga makofi nyuma yangu. Wiki zilizofuata nilianza kukuta kijumba kitupu asubuhi na mapema. Mama mkubwa akaniambia, kwa furaha ambayo hakuificha, kwamba Zabroni amempigia kocha simu na kumwombea Mwita nafasi ile, kwamba kocha amekubali kumjaribu, na kwamba Zabroni mwenyewe anamfundisha. "Unaona moyo wa mtoto yule?" alisema. "Hana kinyongo hata chembe." Nilikwenda kumuuliza Zabroni kama ni kweli. Alikuwa anaosha shati, magongo ameyaegemeza ukutani.

"Ni kweli."

"Mwita? Katika watu wote?"

"Kocha nilimwambia muda ule unavunjika kwenye njia hii," alisema, akikamua shati. "Hajui kama nilisema kweli. Mwita akiuvunja atajua. Na Mwita anaweza, ni uvivu wa mabega tu."

Basi kila asubuhi Mwita alimbeba Zabroni kwenye baiskeli hadi juu ya ule mlima baada ya daraja la mawe, akamkalisha kwenye kigoda kando ya barabara, mguu umenyooshwa, akashuka chini na kupanda mbio huku mwenzake akimpigia kelele. "Mgongo! Nyosha mgongo! Mikono chini!" Wapita njia waliwasalimia. Watu waliokuwa na rungu siku ile walisimama kutazama, wakatoa ushauri. Chuo kikatangaza kufunguliwa, na siku chache kabla sijaondoka mama mkubwa alinituma niwapelekee uji kwenye chupa ya chai. Sikufuata barabara. Nilipita kwenye njia ya ng'ombe iliyo chini ya tuta la barabara, kwa hiyo nilifika karibu yao kabisa bila wao kuniona, nikasimama kutafuta mahali pa kupandia.

Mwita alikuwa amemaliza kupanda. Nilimsikia anahema, anatema mate.

"Hapa ndipo nilipokuacha siku ile," Zabroni alisema. "Pale kwenye lile jiwe. Ukifika hapo unakaza mabega, pumzi inakwama. Siku ile nilisikia pumzi zako zinabadilika, nikajua nimekushinda."

Mwita akatema mate tena. Kisha akasema, polepole, si kwa sauti ya Sirari wala ya utani, "Nilijua sitakupata tena. Ndiyo maana nilipuliza."

Mikono yangu ilikuwa imeshika chupa ya uji. Nilingoja. Nilingoja gongo linyanyuke, nilingoja tusi, nilingoja mtu yeyote alie.

"Najua," Zabroni alisema. Nilisikia kitufe cha simu yake kikilia, anarudisha muda mwanzo. "Shuka ukaanze tena. Safari hii uyaachie mabega."

Mwita akashuka. Nilimwona akipita juu yangu, akafika darajani, akageuka, akaanza kupanda. Pale kwenye jiwe mabega aliyaachia, na alipanda vizuri sana.